Huruma na Hesabu katika Sera ya Bima ya Afya

Kila sera ya bima ya afya hulazimika kujibu maswali matatu, yaani nani aingie katika mfuko, alipe kiasi gani, na alipiwe nini anapougua, na katika kila mojawapo huruma kwa mgonjwa huvutana na hesabu ya fedha zilizopo. Katika mijadala ya Afrika Mashariki, hususan tangu Kenya na Tanzania zitunge sheria mpya za bima ya afya mwaka 2023, imezoeleka kuzigawa nguvu hizi mbili katika kambi: wananchi na wanasiasa huhesabiwa kuwa watu wa hisia, ilhali wachumi na wataalamu wa takwimu bima, ambao kazi yao ni kukadiria mapato na matumizi ya mfuko kwa miaka ijayo, huhesabiwa kuwa watu wa akili kavu. Mgawanyo huo unapotosha, kwa sababu huruma nayo ina mantiki yake, na hesabu, hata iwe kavu namna gani, imeshabeba uamuzi wa kimaadili kabla namba ya kwanza haijaandikwa, uamuzi wa nini kihesabiwe na nini kiachwe. Lenye manufaa zaidi ni kuuliza ni katika hatua ipi ya kutunga sera huruma inapaswa kuongoza, ni katika ipi inapaswa kukaa kimya, na nani ana haki ya kuamua pale zinapogongana.

Mahali pasipo na bima, huruma haikosi kufanya kazi; hufanya kazi bila mpangilio. Mgonjwa anayehitaji upasuaji hufunguliwa kundi la WhatsApp, mweka hazina huteuliwa, orodha ya waliochangia hurushwa kila jioni, na nchini Kenya harambee ya matibabu imekuwa taasisi kamili isiyo na sheria inayoisimamia. Mfumo huo umeokoa watu wengi na haufai kudharauliwa, lakini hugawa msaada kwa kufuata ukubwa wa ukoo, cheo cha rafiki na umaarufu wa mgonjwa, si kwa kufuata uzito wa ugonjwa, na asiye na watu hubaki na deni. Deni hilo limewahi kugeuka kifungo: mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa ni kinyume cha katiba kuwazuia wodini akina mama waliojifungua katika hospitali moja ya uzazi ya jijini Nairobi kwa sababu ya kushindwa kulipa bili. Bima, kwa maana yake ya msingi, ni huruma iliyotolewa mapema, kabla haijajulikana nani ataugua, na kwa hiyo kabla upendeleo haujapata jina la kushikilia. Kwa kuwa hutolewa mapema, inahitaji hesabu. Na kwa kuwa mtoaji hamwoni anayemtolea, huruma yenyewe hupungua nguvu, na hapo ndipo ugumu wa kisiasa unapoanzia.

Mwanauchumi Thomas Schelling aliueleza ugumu huo mwaka 1968 alipotofautisha uhai wenye jina na uhai wa takwimu. Mtoto mmoja mwenye picha, jina na ugonjwa unaotibika kwa fedha nyingi huzifungua pochi za taifa zima, ilhali kodi ndogo ambayo ingezuia vifo vya mamia ya watu wasiojulikana hupingwa bungeni pasipo mtu kutoa chozi. Tofauti hii haitokani na ujinga. Binadamu amezoea kuwajibika kwa mtu aliye mbele yake, na jamii ambayo ingeacha kuguswa na mtoto huyo kwa sababu hesabu haikubali ingekuwa imepoteza kitu kilichoifanya itake bima tangu awali. Tatizo ni kwamba fedha za mfuko ni zile zile, na kila uamuzi unaofanywa kwa ajili ya anayeonekana hulipwa na asiyeonekana.

Ugonjwa wa figo unalionyesha jambo hili kwa uwazi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Mtu ambaye figo zake zimekufa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki kwa maisha yake yote, isipokuwa akipandikizwa figo nyingine. Akipata huduma anaweza kuishi miaka mingi, akiikosa hufa ndani ya majuma machache, na kila mtu anayemfahamu atajua sababu. Mwaka 1971, mgonjwa mmoja alisafishwa damu mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, mashine ikiwa imeunganishwa na mwili wake huku wabunge wakitazama, na mwaka uliofuata bunge hilo lilipitisha sheria iliyowapa karibu wagonjwa wote wa figo waliofikia hatua ya mwisho haki ya kulipiwa na Medicare, bima ya serikali iliyoanzishwa kwa ajili ya wazee. Marekani haikuwa na bima moja ya umma kwa raia wote, na hadi leo haina. Mwenye figo zilizokufa alipata haki ambayo mwenye saratani wa umri ule ule hakuipata. Si rahisi kusema uamuzi ule ulikuwa mbaya, maana umewaweka hai watu wengi mno. Linaloweza kusemwa ni kwamba kiungo kimoja cha mwili kilipata wakili, na vingine vikabaki vikisubiri wakili wao.

Kenya ilikutana na swali hilo hilo ikiwa na mfuko mdogo zaidi. Katika miaka ya mwisho ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, NHIF, mwanachama wa sekta isiyo rasmi alichangia shilingi 500 kwa mwezi, sawa na shilingi 6,000 kwa mwaka kwa familia yake yote, na mfuko ulilipia vikao viwili vya kusafisha damu kwa wiki kwa shilingi 9,500 kila kimoja. Vikao 104 vya mwaka mmoja hufikia shilingi 988,000, kiasi kinacholingana na michango ya mwaka mzima ya familia takriban 165, kwa sharti kwamba hakuna hata mmoja katika familia hizo atakayejifungua, kuvunjika mguu wala kulazwa kwa malaria. Mtu akiikazia macho hesabu hii peke yake atasema huduma hiyo iondolewe katika kitita, yaani orodha ya mafao ambayo mwanachama anastahili. Akimtazama mwanamke wa miaka 34 anayefika kitengo cha figo alfajiri kila Jumatatu na Alhamisi ili awahi kurudi kwenye kibanda chake cha mboga, atasema iongezwe kikao cha tatu. Mbele ya wote wawili kuna jambo la tatu linalosahaulika kwa urahisi: sehemu kubwa ya figo zinazokufa huharibiwa na shinikizo la damu na kisukari, maradhi yanayodhibitiwa kwa vidonge vya bei ndogo na vipimo vinavyoweza kufanyika katika zahanati. Mtu ambaye figo zake hazikufa kwa sababu alipimwa shinikizo miaka kumi iliyopita hajui kwamba aliokolewa, haji kutoa ushuhuda popote, na hakuna mwanasiasa anayepiga naye picha.

Thailand imeshughulikia fundo hilo kwa namna inayostahili kutazamwa kwa makini. Ilipoanzisha bima kwa wote mwaka 2002, ambapo mgonjwa alilipa baht 30 tu kila alipotibiwa, usafishaji wa damu uliachwa nje ya kitita, na uchambuzi wa gharama ukilinganishwa na miaka ya uhai wenye afya inayopatikana uliendelea kuonyesha kuwa huduma hiyo ni ghali kupita kipimo. Hesabu hiyo haikuwa na kosa la kujumlisha. Ilichokosa ni safu ya mali: familia ziliuza mashamba, zikakopa, na baada ya kufilisika zikazika, na umaskini huo haukuonekana katika kipimo kilichohesabu uhai wa mgonjwa pekee. Shinikizo la wagonjwa na madaktari lilipokua, serikali ilikubali kuiingiza huduma hiyo kuanzia mwaka 2008, lakini iliirudisha hesabu kazini mara moja kwa kuamua kwamba njia ya kwanza iwe kusafisha damu kupitia utando wa tumboni, ambapo mgonjwa au ndugu yake hubadilisha maji ya dawa nyumbani, ili wakulima wa mikoani wasihamie mijini kufuata mashine. Utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 2022, wagonjwa waliporuhusiwa kuchagua njia waipendayo, na idadi ya wanaotumia mashine ikapanda kwa kasi. Katika kisa hiki huruma ilijibu swali la kama deni lipo, na hesabu ikajibu swali la namna ya kulilipa. Zilipopeana nafasi kwa mpangilio huo sera ilisimama.

Hesabu iliyoachwa peke yake ina aibu zake pia. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilijaribu, mwishoni mwa miaka ya 1980, kupanga matibabu yote ya bima ya maskini kwa mfuatano wa manufaa na gharama, kisha kuchora mstari pale fedha zinapokomea, ili watu wengi zaidi waingie katika bima hiyo. Orodha ya kwanza, iliyotoka mwaka 1990, iliweka matibabu madogo ya meno juu ya upasuaji wa kidole tumbo, kwa kuwa jino ni rahisi kulitibu na upasuaji ni ghali, jambo ambalo kanuni ililikubali bila wasiwasi na ambalo muuguzi yeyote angelikataa kabla ya kumaliza kusoma. Tume iliipanga upya orodha kwa kutumia busara ya wajumbe wake wenyewe, na mpango ulipoanza kutekelezwa mwaka 1994 haukufanana sana na kile ambacho kanuni ilikusudia. Hisia ya kwamba mtu anayekufa leo ana dai zito kuliko mwenye maumivu yanayovumilika haikuwa udhaifu wa kuondolewa katika fomula. Ilikuwa taarifa ambayo fomula haikupewa.

Upande wa pili wa mizani uko katika malipo, na hapa huruma hukosea mara nyingi zaidi. Mfano wa karibu ni Toto Afya Kadi ya Tanzania, mpango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioruhusu mtoto mmoja mmoja kusajiliwa kwa shilingi 50,400 kwa mwaka na kupata huduma hadi hospitali kubwa. Bei hiyo ilipendeza kwa sababu ilitazama uwezo wa mzazi, na wazo la kwamba mtoto asinyimwe tiba kwa sababu ya kipato cha baba yake halina mpinzani. Lakini usajili ulikuwa wa hiari na wa mtu mmoja mmoja, na hilo huamsha kile ambacho wachumi hukieleza kuwa ni kujiunga kwa kufuata ugonjwa: mzazi ambaye mtoto wake anacheza vizuri huona shilingi 50,400 ni sare na madaftari, ilhali mzazi ambaye mwanawe amegundulika na tundu kwenye moyo au seli mundu hukimbilia ofisi ya mfuko siku hiyo hiyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyedanganya. Kila mmoja ametumia akili yake vizuri, na jumla ya akili hizo ni mfuko wenye wagonjwa wengi na wachangiaji wachache. George Akerlof alieleza mwaka 1970 jinsi soko linavyoharibika pale upande mmoja unapojua siri ambayo upande wa pili hauijui, na bima ya hiari ni mojawapo ya mifano aliyoitaja.

Mwezi Machi 2023 mfuko ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto wasajiliwe kupitia shule, kwa hoja kwamba wengi wa waliokuwa wakiingia walikuwa tayari wagonjwa. Kwa upande wa hesabu hoja hiyo ni sahihi kabisa: darasa ni kundi lililokusanyika kwa sababu isiyohusiana na ugonjwa, kwa hiyo wazima na wagonjwa huingia pamoja. Lakini hesabu hiyo haikuwa na jibu kwa mtoto ambaye bado hajaanza shule au ambaye ugonjwa wenyewe ndio uliomzuia kusoma, na kuwaambia wazazi kwamba aliye chini ya miaka mitano hutibiwa bure kwa sera ya msamaha kulikuwa na uzito mdogo kwa waliowahi kuandikiwa dawa wakanunue nje. Mpango ulirejeshwa baadaye. Malalamiko yaliyosikika katika kipindi hicho hayakuwa kelele za watu wasioelewa bima. Yalionyesha kwa usahihi mahali ambapo kundi lililochaguliwa halikuwafikia watu waliokusudiwa. Tiba ya kweli, ambayo wataalamu wameirudia kwa miaka mingi, ni kuifanya bima iwe ya lazima kwa wote, na hapo huruma ya mpokeaji hugeuka hasira ya mchangiaji.

Hasira hiyo nayo ni hisia, na sera nyingi hushindwa kwa kuisahau, kana kwamba hisia ni za wagonjwa peke yao. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi kile kile. Mtu aliyelipa bima mwaka mzima bila kuugua huhisi amepoteza, ingawa kwa mantiki ya bima amenunua utulivu na ameupata. Mifuko ya Afya ya Jamii ya Tanzania, CHF, iliyoanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ilipambana kwa muda mrefu na wanachama wa aina hiyo waliolipa mara moja wasirudi. Rasimu ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 ilijaribu kulitatua hilo kwa nguvu, kwa kupendekeza bima ifungamanishwe na huduma kama leseni ya udereva, na upinzani uliozuka ulikuwa mkubwa kuliko uliotarajiwa, kwani mwananchi aliona analazimishwa kulipia kitu ambacho ubora wake hajauona. Nchini Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75 ya mshahara bila kikomo: anayepata shilingi 100,000 hulipa 2,750 badala ya 1,700 za NHIF, na anayepata 500,000 hulipa 13,750. Kwa kigezo cha haki mpangilio huu unateteka, kwa sababu mwenye nacho anambeba asiye nacho, lakini haki hiyo huhitaji imani kwamba fedha zinafika zinakotumwa, na mfuko uliotangulia uliondoka ukiwa na madeni hospitalini na tuhuma za ufisadi. Kwa asiye na mshahara kiwango hukadiriwa kwa hojaji juu ya mali na makazi ya kaya, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Hojaji inayomkadiria muuza mitumba kwa kutazama paa lake haijui kwamba nyumba ni ya urithi na biashara imelala.

Katika swali hilo hilo la nani alipe kiasi gani, Rwanda ilianza na mchango wa bei moja, ikagundua kwamba bei moja ni nyepesi kwa tajiri na nzito kwa maskini, na kuanzia mwaka 2011 ikagawa kaya kwa madaraja ambapo serikali na wafadhili huwalipia walio chini kabisa. Uandikishaji mpana uliopatikana huko hauwezi kuelezwa kwa bei peke yake, kwani uongozi wa vijiji umeshiriki kwa nguvu katika kuhimiza malipo, kwa kiwango ambacho pengine nchi yenye siasa za ushindani isingekivumilia.

Zipo hali ambazo hakuna mpangilio utakaoziondoa, yaani pale fedha zinapokwisha na mtu mwenye jina anapaswa kuambiwa hapana. Mwanafalsafa Norman Daniels na daktari wa magonjwa ya akili James Sabin walipendekeza mwaka 1997 kwamba kwa kuwa watu wenye nia njema hawatakubaliana juu ya nani apewe kipaumbele, uhalali wa uamuzi utoke katika njia iliyotumika: sababu zitangazwe, ziwe za aina ambayo mtu wa haki anaweza kuzitambua kuwa zinahusika, kuwe na nafasi ya kukata rufaa, na kuwe na chombo kinachohakikisha hayo yanafanyika. Kitita kipya cha bima ya taifa kilichoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Machi 2024 kinaonyesha gharama ya njia isiyokamilika. Kupitia upya bei na orodha ya dawa kulikuwa na sababu za msingi za kiuchumi, lakini hospitali binafsi zilidai viwango havifidii gharama zao, baadhi zikaacha kuwahudumia wanachama, na wagonjwa wenye kadi halali wakajikuta wakirudishwa mapokezini kwa ugomvi ambao hawakuwa upande wowote ndani yake. Serikali na watoa huduma kila mmoja alikuwa na jedwali lake la namba. Mgonjwa, ambaye ndiye aliyekuwa akilipa, hakuwa na kiti katika mazungumzo hayo.

Afrika Kusini ilifikisha suala hili mahakamani mwaka 1997 katika kesi ya Soobramoney, mgonjwa wa kisukari na moyo aliyekataliwa kusafishwa damu katika hospitali ya umma ya Durban kwa sababu mashine chache zilizokuwepo zilitengewa wale wanaoweza kupona au kupandikizwa figo. Mahakama ya Katiba ilikataa ombi lake, ikieleza kwamba hospitali ilikuwa na mwongozo wa wazi uliotumika kwa haki kwa kila mgonjwa, na kwamba kumwingiza yeye kungemtoa mwingine. Haikuficha ugumu wa uamuzi huo, na siku chache baadaye alifariki. Hukumu hiyo imelaumiwa kwa kukubali bajeti kama ilivyo bila kuuliza kwa nini ni ndogo, na lawama hiyo ina uzito, maana ufinyu wa fedha nao hupangwa na watu mezani. Hata hivyo yule mgonjwa alipewa kitu ambacho wengi wanaonyimwa huduma Afrika Mashariki hawakipati: sababu iliyoandikwa, iliyotiwa saini, na ambayo inaweza kupingwa.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2023 imeweka baraza la kusikiliza migogoro ya bima ya afya, hatua ambayo kwa maandishi inakaribia masharti ya Daniels na Sabin kuliko chochote kilichotangulia. Ugumu wake ni wa kalenda. Shauri la kisheria, hata likienda upesi, huhesabiwa kwa wiki na miezi, na aliyekataliwa kikao cha kusafisha damu siku ya Jumatatu anatakiwa kuwa amepata jibu kufikia Alhamisi. Njia ya rufaa itakayomfaa italazimika kuwepo pale pale hospitalini, ikiwa na ofisa mwenye mamlaka ya kuidhinisha matibabu kwa muda wakati shauri likiendelea, na gharama ya idhini hizo za muda italazimika kuingizwa mapema katika makadirio ya wataalamu wa takwimu bima, kwenye mstari wake wenyewe wa bajeti.